Namna ya kufikisha hoja ya gesi, umeme na tabianchi kwenye Kamati ya Bunge mkiwa Mtwara au Lindi

Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nishati na Madini imekwisha kusikia mara nyingi kwamba watu wa Kusini hawaridhiki. Kitakachoisaidia kumbana Waziri ni karatasi mbili zenye ushahidi, zilizomfikia katibu wa kamati kabla wajumbe hawajakaa kupitia makadirio ya Wizara. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya serikali za vijiji, vikundi vya wavuvi na wakulima wa mwani, wenye mashine na biashara za barafu, na asasi ndogo za Kilwa, Msimbati, Likong'o, Masasi na kwingineko katika mikoa hii miwili, ambazo zinataka hoja zao zisomwe na kuulizwa.

Kamati inaweza nini

Ibara ya 63(2) ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na ibara ya 96 inaliruhusu liunde kamati. Kazi za kila kamati zimeorodheshwa kwenye Nyongeza ya Nane ya Kanuni za Kudumu za Bunge. Kwa kamati ya kisekta kazi hizo ni nne: kushughulikia bajeti ya wizara inayoisimamia, kuchambua miswada na mikataba ya eneo hilo, kupitia taarifa za utendaji za kila mwaka, na kufuatilia utekelezaji. Sheria ya Haki, Kinga na Madaraka ya Bunge, Sura ya 296, inaipa uwezo wa kumwita mtu na kudai nyaraka.

Kamati haina mamlaka ya kuiamuru TANESCO ibadilishe transfoma yenu, haigawi fidia, haivunji mkataba wa gesi. Inahoji, inapendekeza, inaandika kwenye taarifa yake, na Bunge likipitisha azimio Serikali inatakiwa kueleza imelitekeleza vipi. Kwa hiyo ombi lolote mtakaloandika lazima liwe jambo ambalo mjumbe anaweza kumuuliza Waziri kesho yake asubuhi. "Tunaomba umeme wa uhakika" halijibiki kwa tarehe wala kwa tarakimu. Waziri atajibu kwamba Serikali inalifanyia kazi, na hapo hoja imekufa. "Kwa nini fedha za mradi fulani zilizoidhinishwa mwaka huu hazikutolewa, na zitatolewa lini" linamlazimu afungue kitabu.

Tarehe ndizo zinazoamua

Makosa mengi si ya uandishi, ni ya kuchelewa. Watu wengi huamka siku hotuba ya bajeti ya Nishati inaposomwa, mwezi wa nne au wa tano, wakati kamati imekwisha kumaliza kazi yake na taarifa yake imechapwa. Mtwara inalijua jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 22 Mei 2013, siku ya hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini, mji uliingia kwenye machafuko na maisha yakapotea, ilhali jiwe la msingi la mradi wa bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam lilikuwa limewekwa tangu Novemba 2012. Uamuzi uliotangulia namna hiyo haugeuzwi na hotuba. Mahali pa kuugusa ni nyuma yake, kwenye vikao vya kamati.

Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kamati hukaa Dodoma wiki mbili au tatu hivi kabla ya kila mkutano wa Bunge. Mkutano wa Novemba hujadili mapendekezo ya mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Ule wa mwishoni mwa Januari na Februari ndio ambao kamati huwasilisha taarifa zao za mwaka. Mwezi Machi kamati hutembelea miradi, kisha hupitia utekelezaji wa bajeti ya mwaka unaoendelea na makadirio ya mwaka ujao. Mkutano wa Bajeti huanza Aprili hadi mwisho wa Juni. Mwaka wa uchaguzi mkuu ratiba hii husogea, hivyo uhakikisheni kwenye tovuti ya Bunge.

Hesabuni kwa kurudi nyuma. Andiko la bajeti liwe Dodoma mwisho wa Februari. Mkutano mkuu wa kijiji wa kulipitisha ufanyike Januari (sheria inautaka ukae angalau kila miezi mitatu, kwa hiyo hamhitaji kuomba fadhila, ulizeni ratiba). Barua za kuomba taarifa ziwe zimepelekwa Novemba. Kumbukumbu za tatizo lenyewe zianze kuandikwa Julai au Agosti. Mkianza Machi mtapata karatasi yenye hasira na isiyo na tarakimu.

Kabla ya kuandika, ijueni kamati yenu

Bunge lina kamati nyingi, na hoja ikiingia kwenye kamati isiyohusika haihamishwi haraka. Mgawanyo unaowagusa watu wa Mtwara na Lindi uko hivi.

Umeme, usambazaji wa vijijini kupitia REA (Wakala wa Nishati Vijijini), bomba la gesi, TPDC (shirika la umma la mafuta na gesi), PURA (mdhibiti wa utafutaji na uchimbaji wa mafuta na gesi), EWURA (mdhibiti wa huduma za nishati na maji) kwa upande wa nishati, na mradi wa kusindika gesi kimiminika unaokusudiwa Likong'o, yote ni ya Kamati ya Nishati na Madini. Wizara yake ni Fungu 58, yaani namba yake kwenye vitabu vya bajeti.

Mazingira na mabadiliko ya tabianchi yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, Fungu 31, na katika Bunge la 12 yaliwekwa kwenye Kamati ya Maji na Mazingira. Hapa ndipo pa kupeleka mikoko inayokatwa, ufukwe unaoliwa na bahari, biashara ya kaboni iliyowekewa kanuni mwaka 2022, au utendaji wa NEMC, baraza la hifadhi ya mazingira. Majina ya kamati hubadilishwa Bunge jipya linapoanza au Spika anapozipanga upya, hivyo thibitisheni jina la sasa kabla ya kuandika bahasha. Hoja inayogusa pande zote mbili, kwa mfano maji machafu yanayodaiwa kutoka kwenye mtambo wa gesi, iandikiwe kamati moja na nakala iende kwa nyingine.

Ushuru wa huduma unaotokana na gesi unachanganya watu wengi. Fedha hizo ni mapato ya halmashauri, kwa hiyo namna zilivyotumika ni kazi ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC. Ile ya Nishati inaweza kuulizwa kama kampuni zinalipa ipasavyo. Kwa miaka mingi kiwango kimekuwa asilimia 0.3 ya mauzo, maana yake gesi ikiuzwa kwa shilingi bilioni 10, ushuru ni shilingi milioni 30. Viwango hurekebishwa na Sheria ya Fedha ya kila mwaka, kwa hiyo tumieni kiwango cha mwaka mnaouhoji, si cha mwaka mnaoandikia. Maswali yenye uzito ni matatu: mauzo yaliyotumika kupiga hesabu ni yapi, nani aliyathibitisha, na ushuru umelipwa kwenye halmashauri inakotoka gesi au mahali pengine kampuni ilikosajiliwa.

Madai ya mtu mmoja mmoja, kama bili isiyoeleweka au mita ya LUKU iliyokufa, yaanzie TANESCO, kisha EWURA, kwa msaada wa EWURA CCC ambalo ni baraza la watumiaji wa huduma. Kamati haiyahitaji. Inayahitaji yakiwa mia moja yanayofanana, na EWURA imekwisha kuandikiwa bila mafanikio. Barua hizo za awali ndizo ushahidi wenu kwamba ngazi za chini zilishindwa.

Jambo lililoko mahakamani kamati haitalijadili. Kama kesi ya fidia imefunguliwa, liondoeni dai hilo, mbaki na swali la sera ambalo mahakama haikuulizwa.

Kukusanya ushahidi

Tuanze na umeme, kwa kuwa ndio unaolalamikiwa sana na kuandikwa vibaya sana. Mtwara na Lindi zimeishi miaka mingi kwa umeme wa mitambo ya gesi iliyoko hapa hapa, nje ya Gridi ya Taifa, na mtambo mmoja ukipumzika watu wote wanajua. Laini ya kilovolti 220 kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi ndiyo iliyobuniwa kuiingiza mikoa hii kwenye gridi, ikiendelea kutoka Masasi hadi Mahumbika. Ukitaka kuuliza kuhusu kukatika kwa umeme, lazima ujue kama chanzo ni uzalishaji, laini kubwa, au nguzo iliyooza mtaani kwenu. Kila kimoja kina kasma yake, yaani mstari wake kwenye bajeti, na mtu wake wa kujibu.

Nunueni daftari la kaunta. Pigeni safu sita: tarehe, saa ulipokatika, saa uliporudi, namba ya transfoma au nguzo (imeandikwa kwa rangi), eneo lililokosa, na kilichoharibika. Safu ya nne ndiyo wengi wanaiacha, na ndiyo inayotenganisha tatizo la mtaa na tatizo la mkoa. Wekeni daftari kwa watu watatu walio kwenye transfoma tofauti: mwenye friza za samaki, mwenye mashine ya kukoboa, na mhudumu wa zahanati mwenye friji ya chanjo. Wote watatu wakiandika saa 1:40 usiku wa siku moja, chanzo kiko juu. Akiandika mmoja tu, ni transfoma yake. Hasara iandikwe kwa kilo na shilingi siku ile ile, si kwa kukumbuka mwisho wa mwezi, na mwenye biashara aweke sahihi yake. Kila mwisho wa mwezi jumlisheni saa. Mkifika Januari mna miezi sita, na hicho ni kipindi ambacho mjumbe anaweza kukilinganisha na taarifa ya Wizara yenyewe.

Mmoja akikosa kuandika wiki nzima, acheni nafasi wazi, msijaze kwa kukisia. Mtaalamu wa Wizara akigundua siku moja ambayo mmeandika umekatika na kumbukumbu zake zinaonyesha ulikuwepo, ataitumia siku hiyo kulitupa daftari lote.

Picha. Washeni huduma ya mahali kwenye kamera ya simu ili picha ibebe tarehe na eneo. Kisha msiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu inabanwa na taarifa hizo zinafutika. Itumeni kama faili, au ihamisheni kwa waya. Kwa ufukwe unaomomonyoka chagueni alama isiyohama, msingi wa nyumba au mnazi mmoja, mpime kwa futi kamba umbali hadi ukingo, mrudie kila mwezi wakati wa maji kupwa, kutoka sehemu ile ile. Vipimo vinne vya aina hiyo vina nguvu kuliko picha arobaini.

Kwa madhara ya mvua na vimbunga, oanisheni na tarehe zinazojulikana. Kimbunga Hidaya cha mwanzoni mwa Mei 2024 kiliikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa. Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipoelekea kaskazini mwa Msumbiji, watu wa Mtwara walihamishwa. Ukiandika "mvua kubwa za mwaka juzi" hakuna anayeweza kukagua. Ukiandika tarehe, taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa itakuunga mkono.

Fidia ya ardhi ina vipimo vyake vya kisheria. Tafuteni tarehe ambayo uthamini uliidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa sababu saa zote zinahesabiwa kuanzia hapo, si kuanzia siku wapimaji walipokuja kuhesabu minazi. Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, malipo yakizidi miezi 6 kuna riba, na uthamini wenyewe unaisha nguvu baada ya miaka 2. Orodha yenu iwe na kaya, eneo, tarehe ya kuidhinishwa, tarehe ya kulipwa, na kiasi. Majina ya watu yabaki kwenye kiambatisho, hayahitajiki kwenye andiko lenyewe.

Upande wa fedha, someni vitabu. Hotuba ya bajeti ya Waziri wa Nishati inawekwa kwenye tovuti ya Wizara na inataja miradi kwa majina. Kitabu cha Nne cha makadirio kina fedha za maendeleo, na cha Tatu kina za mikoa: Lindi ni Fungu 76, Mtwara ni Fungu 80. Ripoti ya CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, huwekwa mezani Bungeni mwezi Aprili. Ripoti za TEITI, zinazotolewa chini ya Sheria ya Uwazi na Uwajibikaji katika rasilimali za madini, mafuta na gesi asilia ya 2015, zinaonyesha kampuni zimesema zimelipa nini na Serikali imesema imepokea nini. Pakiwa na pengo kati ya safu hizo mbili, hapo mna swali lililokwisha kuiva.

Kisichochapishwa, ombeni. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na taasisi inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Barua iwe fupi: taarifa gani, ya kipindi gani, kwa muundo gani. "Naomba taarifa zote za mradi" itakaa kwenye faili. "Naomba orodha ya vitongoji vya kata yetu vilivyomo kwenye mkataba wa mkandarasi wa REA, na tarehe ya kukamilisha" inajibika kwa ukurasa mmoja. Gongesheni nakala yenu mhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, nakala hiyo yenye mhuri na tarehe inakuwa sehemu ya ushahidi.

Kuandika andiko lenyewe

Kurasa mbili za A4, herufi ukubwa wa 12, hoja moja. Hoja tatu ni maandiko matatu. Mkichanganya umeme, fidia, korosho na barabara, mjumbe atachukua lile jepesi kulijibia, na si lazima liwe lile linalowaumiza.

Juu kulia anwani yenu, kumbukumbu namba na tarehe. Halafu:

Katibu wa Bunge,
Ofisi ya Bunge,
S.L.P. 941,
DODOMA.

YAH: MAONI KUHUSU MAKADIRIO YA FUNGU 58 KWA MWAKA WA FEDHA (andikeni mwaka): (hoja yenu kwa maneno yasiyozidi kumi)

Chini ya kichwa wekeni sentensi ya kuomba iwasilishwe kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Nishati na Madini. Aya ya kwanza iseme ninyi ni nani, wangapi, wa wapi. Ya pili iseme tatizo kwa tarakimu. Ya tatu iseme Serikali iliahidi nini na wapi: ukurasa wa hotuba, jibu la swali Bungeni na tarehe yake kwenye Hansard (kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge). Ya nne ieleze mmefanya nini kabla ya kuja Bungeni. Ya tano ni maswali mawili au matatu mnayoomba kamati imuulize Waziri, na pendekezo moja. Kisha sahihi, mhuri wa kijiji, orodha ya viambatisho, nakala kwa nani.

Aya ya pili ndiyo inayowashinda wengi. Linganisheni hizi. Kwanza ile ya kawaida:

"Wananchi wa kata yetu tunateseka sana na umeme unakatika kila siku na hatujui tatizo ni nini wakati gesi inatoka hapa kwetu."

Sasa hii, ambayo tarakimu zake ni za mfano tu:

"Kati ya Julai na Desemba umeme ulikatika mara 61 kwenye transfoma tatu za kata, jumla ya saa 188. Mara 44 kati ya hizo transfoma zote tatu zilizimika kwa wakati mmoja, jambo linaloashiria kwamba chanzo ni uzalishaji au laini kuu. Wafanyabiashara 9 wa samaki walirekodi hasara ya kilo 1,320 (Kiambatisho A). Zahanati ilihamisha chanjo mara 5 (Kiambatisho B)."

Aya hii ya mwisho haikulia popote, na mjumbe anaweza kuisoma kwa sauti kwenye kikao bila kubadilisha neno. Uchungu wa gesi kutoka kwenu ni wa kweli, na una mahali pake: sentensi moja, kwenye aya ya kwanza, yenye mambo yanayothibitika. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, mitambo ya kusafisha iko Songo Songo na Madimba. Inatosha.

Kwa tabianchi, shikeni ahadi za nchi. Katika mchango wake wa kitaifa wa 2021 chini ya Mkataba wa Paris, Tanzania iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Mkakati wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Swali la kamati lenye meno ni la kushusha lengo hilo hadi chini: kwa mwaka huu wa fedha, kaya ngapi za Lindi na Mtwara, kwa fedha za kasma ipi? Mnazi Mmoja mkoani Lindi gesi ya bomba imefikishwa majumbani. Kijiji kilicho kando ya bomba hilo hilo na kinapikia mkaa kina haki ya kuuliza vigezo vya kuchagua ni vipi.

Msimtaje mtumishi kwa jina mkimtuhumu. Andikeni cheo na tukio. Msitie jambo msiloweza kulithibitisha, kwa kuwa kutoa ushahidi wa uongo mbele ya kamati ni kosa la jinai. Sahihi za wananchi ziwe na jina, kijiji na namba ya ukurasa, zikitanguliwa na muhtasari wa mkutano mkuu uliopitisha andiko. Rundo la sahihi lisilo na muhtasari huonekana limekusanywa sokoni.

Kutuma

Kutoka Mtwara hadi Dodoma kupitia Dar es Salaam ni kama kilomita 1,000, na hakuna haja ya kuchangisha nauli ya watu kumi. Tumeni nakala halisi kwa EMS mtunze risiti, na PDF kwa barua pepe iliyoko kwenye tovuti ya Bunge. Skani iwe na rangi za kiasi ili faili lisizidi megabaiti chache, viambatisho vyote kwenye faili moja lenye kurasa zilizopigwa namba. Nakala zimwendee mbunge wa jimbo lenu, mbunge wa viti maalumu wa mkoa, Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wa Halmashauri. Nakala kwa Mkuu wa Wilaya si adabu tu, bali inazuia kesho kuambiwa kwamba mmeruka ngazi.

Baada ya siku saba pigeni simu Ofisi ya Bunge, ulizeni kama barua imesajiliwa na namba ya kumbukumbu ni ipi, kisha ulizeni katibu wa kamati ni nani. Katibu ndiye anayepanga nyaraka za wajumbe. Mzungumzieni kwa heshima na kwa ufupi, mkitaja namba ya kumbukumbu kwanza. Mbunge wenu naye mpeni ukurasa mmoja wa muhtasari, hata kama si mjumbe wa kamati hiyo, kwa sababu anaweza kuomba kuhudhuria, kuuliza swali la msingi, au kuwasilisha ombi la wananchi.

Kamati ikija kukagua mradi

Ziara za Machi hupangwa na Wizara pamoja na ofisi za mkoa na wilaya, na mara nyingi ni saa moja mtamboni, picha, basi. Mkisikia kamati inakuja Madimba, Somanga au Masasi, mwombeni mbunge na Mkuu wa Wilaya dakika tano kwenye ratiba, mapema, kwa maandishi. Wekeni msemaji mmoja. Aanze na "Mheshimiwa Mwenyekiti", aseme ni nani, ataje tarakimu mbili, aonyeshe kitu kimoja kilicho karibu, atoe nakala kumi na tano za ule ukurasa mmoja, anyamaze. Wengine wakidakia, dakika zinaisha kwenye kutulizana.

Muswada ukitua

Baada ya muswada kusomwa mara ya kwanza, kamati huita wadau kwa tangazo lenye tarehe ya mwisho, na muda huwa mfupi. Sheria tatu za mafuta na gesi za 2015 zilipita Julai mwaka huo kwa hati ya dharura. Kwa hiyo msingoje tangazo: wekeni tayari orodha ya vifungu vya sheria zilizopo mnavyotaka virekebishwe. Maoni yaandikwe kwa jedwali la safu nne: ibara ya muswada, inavyosomeka, inavyopendekezwa isomeke, sababu. Safu ya tatu iandikwe neno kwa neno. Maoni yanayosema "ibara ya 12 iangaliwe upya" hayana pa kuingizwa.

Baada ya hapo

Siku ya bajeti ya Nishati, pakueni taarifa ya kamati, ambayo husomwa baada ya hotuba ya Waziri. Tafuteni humo jina la mkoa wenu, jina la mradi, na maneno yenu. Mkiyakuta, nakilini namba ya ukurasa, kwa kuwa hilo sasa ni pendekezo la kamati. Kisha someni majumuisho ya Waziri kwenye Hansard mwone amejibu au amepita. Mwaka unaofuata, randama ya Wizara (maelezo ya kina ya bajeti yake) na hotuba ya Waziri hueleza utekelezaji wa maoni ya kamati. Wekeni kwenye karatasi moja: kamati ilisema nini, Waziri alijibu nini, fedha kiasi gani ziliidhinishwa, kiasi gani zilitolewa hadi Februari. Pengo kati ya zilizoidhinishwa na zilizotolewa ndilo andiko lenu la mwaka wa pili, na mara hii nusu ukurasa utatosha, pamoja na namba ya kumbukumbu ya barua ya kwanza juu yake.